Hoteli ya "katikati ya jiji" iko wapi hasa?

Jirani yangu mmoja anajiandaa kumpeleka baba yake London kwa matibabu ya macho. Juma lililopita alinibishia hodi usiku, mkononi ana karatasi yenye majina ya hoteli nne. Zote nne, kwa maelezo ya wenyewe, ziko "katikati ya jiji, hatua chache tu kutoka stesheni ya treni za chini ya ardhi". Zilitofautiana bei tu. Akaniuliza, "Mzee, wewe ulishafika huko. Nichukue ipi?"

Nilimwambia akae, tukamtengea chai, maana swali hilo halijibiki mtu akiwa amesimama mlangoni.

Mpenzi msikilizaji, mimi nililijibu swali hilo vibaya mwaka 2018, na aliyelipia kosa langu ni mama yangu mzazi. Alikuwa na umri wa miaka 71 na magoti yaliyochoka. Nilimtafutia hoteli ya bei nafuu, nikapima kwa rula kwenye ramani, nikaona stesheni iko mita 300 tu kutoka mlangoni. Nikajipongeza. Asubuhi ya kwanza tukatoka kwenda kwa daktari. Stesheni tuliikuta pale pale, mita 300 kweli. Ambacho hakikuandikwa mahali popote ni ngazi. Tulishuka, tukapinda kona, tukashuka tena. Mbele ya safari ikatubidi kubadili treni, na kule kubadili treni ni kupanda ngazi, kupita korido ndefu, kisha kushuka ngazi nyingine, huku watu wanaowahi kazini wakitupita kushoto na kulia. Katikati ya ngazi mama alishika ukuta, akaketi. Akaniambia, "Mwanangu, umenileta kutibiwa au kutembezwa?"

Tulifika kwa daktari tumechelewa dakika 50. Tukapangiwa siku nyingine, siku nane mbele. Siku nane za hoteli, chakula na teksi. Zile pauni nilizojisifu kuziokoa ziliisha kabla ya Ijumaa.

Sasa tulitazame hilo neno "katikati". London imegawanywa katika kanda za nauli zinazozungukana kama pete. Kanda ya 1 ndiyo katikati yenyewe. Uwanja wa ndege wa Heathrow uko Kanda ya 6, na kanda zinaendelea hadi ya 9. Kwa hiyo hoteli ikijinadi kuwa iko katikati, iulize stesheni yake iko kanda gani. Ikiwa ya 1 au ya 2, mnaweza kuendelea na mazungumzo. Halafu stesheni nyingi za treni hizo ziko kaskazini mwa mto Thames. Kusini ni chache. Hoteli ya kwanza kwenye karatasi ya jirani yangu, ile ya bei rahisi kuliko zote, ilikuwa Croydon. Croydon ni sehemu kubwa ya London kwa upande wa kusini, ina treni za kawaida na tramu, lakini stesheni ya chini ya ardhi haina hata moja. Hiyo tuliifuta mara moja.

Jambo la pili ni ramani. Ile ramani maarufu ya njia za rangi rangi ilibuniwa na Harry Beck, na abiria walianza kuipata mwaka 1933. Beck aliona kwamba mtu aliye chini ya ardhi hahitaji kujua umbali. Anahitaji kujua stesheni inayofuata na mahali pa kubadilisha. Basi akanyoosha njia zote na kuzipanga vizuri. Kwa abiria ni kazi ya kusifiwa hadi leo. Kwa mtu anayetafuta hoteli ni mtego. Kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama mita 260, wageni wanalipa nauli kwenda mahali ambapo wangetembea. Stesheni ya Queensway, ambayo iko kwenye njia ya Central, na ile ya Bayswater, iliyo kwenye njia za Circle na District, zinatenganishwa na mwendo wa kama mita mia moja barabarani, na unaweza kutoka moja ukaingia nyingine. Mwenye hoteli mtaa ule ana njia tatu za treni. Si jambo dogo, kwa sababu mwisho wa juma njia moja au nyingine hufungwa kwa matengenezo, na mwenye stesheni moja yenye njia moja hubaki kutafuta basi.

Lakini kubwa kuliko yote, hasa kwa mwenye mzee, ni kina. Reli hizi hazikujengwa kwa namna moja. Ile ya kwanza, iliyofunguliwa mwaka 1863 kati ya Paddington na Farringdon, ilijengwa kwa kuchimba handaki barabarani na kulifunika juu. Ndiyo maana njia za Circle, District, Metropolitan na Hammersmith & City haziko mbali na uso wa barabara zikiwa katikati ya jiji. Kuanzia mwaka 1890 wahandisi wakaanza kutoboa mashimo marefu ya duara chini kabisa, na humo ndimo zinamopita Northern, Piccadilly, Central, Bakerloo, Victoria na Jubilee. Huko unashuka kwa ngazi za umeme au lifti, na mara nyingi, ukimaliza hizo, bado kuna ngazi za miguu. Hampstead, kwa mfano, jukwaa liko zaidi ya mita 58 chini ya ardhi. Covent Garden ina lifti, lakini atakayeamua kutumia ngazi atahesabu vidato 193.

Stesheni za chini ya ardhi ni 272, na ambazo mtu anaweza kufika jukwaani bila kukanyaga kidato ni takriban theluthi moja tu. Hizo zimewekewa alama ya kiti cha magurudumu kwenye ramani. Alama ya buluu maana yake ni kwamba huna ngazi kutoka barabarani hadi ndani ya treni; nyeupe ni hadi jukwaani tu, na kuingia kwenye treni huenda ukakuta pengo au kidato. Mwaka 2018 alama hizo zilikuwepo, nami nilikuwa na ramani mfukoni. Nilidhani ni za watu wengine.

Tukairudia karatasi ya jirani. Nilimuuliza daktari wa baba yake yuko wapi. Akasema wameambiwa washukie Farringdon. Hapo kazi ikawa rahisi. Hoteli ya pili ilihitaji kubadili treni mara mbili. Ya tatu ilikuwa na treni ya moja kwa moja, ila stesheni yake haina alama yoyote. Ya nne, iliyokuwa ghali kuliko zote, iko jirani na Paddington. Kutoka hapo njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, inafika Farringdon kwa kituo cha tatu, na stesheni zake zote zina njia isiyo na ngazi. Njia hiyo hiyo inakwenda Heathrow, kwa hiyo siku ya kuwasili mzee hatabadili treni hata mara moja. Nauli atalipa kwa kadi ya benki ya kugusisha. Akipanda basi asitegemee fedha taslimu, mabasi ya London yaliacha kuzipokea mwaka 2014.

Alinung'unika kuhusu bei, nami sikumlaumu. Nikamwambia apige hesabu ya teksi, kwenda na kurudi, kwa siku kumi. Alipiga hesabu mara mbili, akakunja karatasi, akaaga.

Jana amenipigia simu. Amegundua kuwa hoteli yenyewe ni nyumba ya karne ya 19 yenye ghorofa nne, na haina lifti. Hoteli nyingi za mitaa ile ndivyo zilivyo, nami nilisahau kumwambia. Aliwaandikia kuomba chumba cha chini, usawa wa barabara, wakamjibu kimebaki kimoja, dirisha lake linatazama mapipa ya taka. Amekichukua.