Yaya wa Kiingereza Katika Jiji Lililomfukuza Mfalme Wake

Nchi nyingi duniani zina siku ya kufurahia kuondoka kwa Mwingereza. Watanganyika walianza tarehe 9 Desemba 1961, Waganda wakafuata tarehe 9 Oktoba 1962, na Wakenya tarehe 12 Desemba 1963. Mtoto wa Tanga au wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa gwaride ni la nini. Bendera moja ilishuka, nyingine ikapanda.

Sasa, wanangu, jiulizeni: Mwingereza mwenyewe husherehekea uhuru lini? Hana siku hiyo. Hata sikukuu ya George, mtakatifu wao, inayoangukia tarehe 23 Aprili, watu wa England huamka wakaenda kazini kama kawaida. Ndiyo maana kijana wa Kiingereza anayekwenda kufanya kazi Marekani hupata mshangao ambao ninyi msingeupata. Anadhani anakwenda kwa ndugu. Lugha ni moja, filamu zao amezitazama tangu utotoni. Kisha sikukuu zinaanza kuja moja baada ya nyingine, na katika hadithi anayosimuliwa kila mara anajikuta yeye ndiye zimwi.

Niwasimulie habari za yaya mmoja. Jina simpi, kwa sababu nimemuunga kwa vipande vya wengi. Ana miaka 19, anatoka Leeds, na ametua Boston mwezi Januari theluji ikiwa imefika magotini. Ameingia kwa mpango wa serikali ya Marekani ulioanza 1986, unaoruhusu vijana wa nje wenye umri wa miaka 18 hadi 26 kukaa na familia mwaka mmoja na kuwatunzia watoto. Kanuni zinasema asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku wala saa 45 kwa wiki. Chumba ni cha bure, chakula ni cha bure, na mkononi anapewa posho. Katika jimbo la Massachusetts, lenye Boston, amebahatika zaidi: mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba mayaya wa mpango huu nao wanalindwa na sheria ya jimbo ya wafanyakazi wa nyumbani, kima cha chini cha mshahara kikiwemo. Kazi yenyewe mnaijua. Kuamsha, kuvisha, kulisha, kuokota midoli, na kuokota tena midoli ileile.

Miezi miwili ya mwanzo hakuna la ajabu, isipokuwa kwamba mwenyeji wake humpashia maji ya chai kwenye tanuri la mawimbi, jambo ambalo Mwingereza hulitazama kama mnavyomtazama mtu anayekula ugali kwa uma. Kisha inafika tarehe 17 Machi. Jiji zima limevaa kijani, kwa kuwa ni sikukuu ya Patrick, mtakatifu wa Waairishi, na Boston imejaa wajukuu wa Waairishi. Hilo yaya analijua. Asilolijua ni kwamba siku hiyohiyo, katika wilaya ya Suffolk ilimo Boston, kuna sikukuu nyingine ya kisheria. Anawauliza watoto ni ya nini. Wanamjibu bila kusita: ni siku Waingereza walipoondoka.

Kisa hiki nakipenda, nitakaa nacho kidogo. Mwaka 1775 jeshi la Mfalme George wa Tatu lilikuwa limejifungia ndani ya Boston, na waasi wa Kimarekani wameizingira kwa nje. Waasi walikuwa na bunduki lakini mizinga ya kutosha hawakuwa nayo. Kijana mmoja, Henry Knox, akamwambia jenerali wao, George Washington, kwamba mizinga ipo, iko kwenye ngome ya Ticonderoga, umbali wa karibu kilomita 480. Knox alikuwa na umri wa miaka 25, na kabla ya vita alikuwa muuza vitabu. Habari za mizinga alikuwa amezisoma dukani kwake, katika vitabu alivyokuwa akiviuza. Akapewa ruhusa. Akaenda, akapakia mizinga karibu 60 juu ya matela ya kuteleza kwenye theluji, akafunga maksai na farasi, akavuka mito iliyoganda na milima ya Berkshire katikati ya baridi kali. Mzinga mmoja ukivunja barafu na kuzama, wanauopoa, safari inaendelea.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Machi 1776, waasi wakaipandisha mizinga hiyo kimyakimya kwenye vilima vya Dorchester. Asubuhi Waingereza wakainua macho, wakaona midomo ya mizinga inazitazama meli zao. Tarehe 17 wakapanda meli wakaondoka, pamoja na wenyeji zaidi ya elfu moja waliokuwa upande wa mfalme.

Yaya hakuwahi kusikia neno lolote la habari hizi. Shuleni kwao walifundishwa Warumi, wakafundishwa wake sita wa Mfalme Henry wa Nane, wakafundishwa vita viwili vya dunia. Kufukuzwa Boston hakukupata nafasi. Mimi simlaumu. Aliyeshindwa ana mengine ya kusoma.

Hajakaa sawa, Aprili hiyo hapo. Jumatatu ya tatu ya mwezi huo Massachusetts husherehekea Siku ya Wazalendo, kukumbuka mapigano ya Lexington na Concord ya tarehe 19 Aprili 1775. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama mwenye nyumba anawaswaga wote hadi uwanja wa Lexington, mablanketi mabegani. Wanaume wazima, wengine mawakili na walimu wa hesabu, wamevaa makoti mekundu ya askari wa mfalme. Wanaingia kwa ngoma. Wengine wamesimama mbele yao wamevaa kama wakulima. Mlio unasikika, moshi unatanda, wakulima wanaanguka. Wanaume wanane wa Lexington walikufa asubuhi ile ya kweli, na hadi leo hakuna ajuaye nani alifyatua risasi ya kwanza. Watu wanawazomea makoti mekundu. Mtoto mdogo anamvuta yaya mkono na kumuuliza: "Hawa ni wa kwenu?"

Nawaachieni ninyi mjibu. Mimi naharakisha kwenda barabarani, kwani siku hiyohiyo ndiyo ya mbio za marathoni za Boston, zilizoanza 1897, na hapo ni kwetu. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alikuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Nani alikuwa wa pili, nyuma yake kwa sekunde moja tu? Juma Ikangaa wa Tanzania. Ikangaa akarudi 1989, akawa wa pili. Akarudi 1990, akawa wa pili tena. Watu wa Boston wanaosimama njiani na chupa za maji huwajua Wakenya kwa majina. Kwa hiyo kwenye sikukuu ya kumkumbuka Mwingereza kwa ubaya, mgeni anayeshangiliwa kuliko wote huwa ni mtu wa Iten au Eldoret.

Kilele ni tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani. Mbele ya jengo la kale la serikali, katikati ya jiji, watu wanajaa barabarani asubuhi. Kwenye roshani anatokea msomaji na Azimio la Uhuru, lilelile lililosomwa hapo kwa mara ya kwanza tarehe 18 Julai 1776. Si waraka wa furaha tupu. Sehemu kubwa ni mashtaka dhidi ya mfalme, yapata 27, moja baada ya jingine: amefanya hivi, ametukataza vile. Yaya amesimama juani na kofia yake, anasomewa makosa ya babu wa mababu. Akiinua macho anaona juu ya paa sanamu mbili anazozijua tangu utotoni: simba na farasi mwenye pembe moja, alama za ufalme wake. Za mwanzo ziliteremshwa na kuchomwa moto siku ile ya 1776. Hizi za sasa zilirudishwa karne ya kumi na tisa, hasira zilipopoa.

Jioni kila mtu anakwenda kando ya mto Charles kusikiliza okestra na kutazama fataki. Wimbo unaotangulia fataki, wenye mizinga ya kweli inayolia, ni kazi ya Tchaikovsky, Mrusi, aliyeitunga kusifu ushindi wa Urusi dhidi ya Wafaransa mwaka 1812. Wafaransa ndio waliowasaidia Wamarekani kupata uhuru! Ukiwaambia hivyo, wanacheka na kukupa soseji nyingine.

Lakini msije mkadhani kila Mmarekani anaiona siku hiyo kwa jicho moja. Thomas Jefferson, aliyeandika katika Azimio hilo kwamba watu wote wameumbwa sawa, alimiliki zaidi ya watumwa 600 katika maisha yake. Mwaka 1852 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alialikwa kuhutubia kuhusu sikukuu hii, naye akawauliza wenyeji wake, mbele ya macho yao, mtumwa ana nini cha kufurahia hapo. Katika miji kadhaa ya Massachusetts watu hukusanyika hadi leo na kuisoma hotuba yake kwa sauti, kila mtu kipande chake. Tangu 2021 kuna pia sikukuu ya taifa ya tarehe 19 Juni, kukumbuka siku ile ya 1865 ambapo watumwa wa Texas walitangaziwa kuwa wako huru, zaidi ya miaka miwili baada ya Rais Lincoln kutoa tangazo lake la kuwaweka huru. Hapa ndipo uhuru wao unapotofautiana na wetu. Waliomfukuza mfalme walikuwa watoto wake mwenyewe, na nchi yenyewe ilikuwa ya watu wengine.

Septemba ina siku ya wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza. Ninyi mnasherehekea Mei Mosi, na chimbuko lake ni mgomo wa Chicago wa 1886, huko huko Marekani. Dunia nzima ikaichukua, wenyewe wakachagua tarehe nyingine. Hata likizo huko ni jambo la bahati: Uingereza mfanyakazi wa muda wote anadai siku 28 kwa mwaka kisheria, Marekani hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha mwajiri binafsi kumlipa likizo hata siku moja. Yaya ana wiki zake mbili kwa sababu ya mpango uliomleta.

Oktoba ni Halloween, sikukuu ya mizimu na wachawi, na kwa mara ya kwanza anaona kitu cha kwao. Waairishi na Waskoti waliichukua desturi hiyo wakavuka nayo bahari. Kwao walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, na Marekani wakakuta maboga, makubwa na laini zaidi. Familia inampeleka Salem, safari fupi kaskazini mwa Boston. Mwaka 1692, Massachusetts ikiwa bado koloni la Kiingereza, watu 19 walinyongwa hapo kwa kusingiziwa uchawi, na mzee mmoja akagandamizwa kwa mawe hadi akafa. Leo panauzwa kofia za kichawi na aiskrimu. Mimi mtu wa nchi ambako vikongwe wameuawa kwa macho mekundu tu, kofia ile nisingeinunua. Watoto, kwa kweli, wamenunua mbili.

Halafu Alhamisi ya nne ya Novemba, Siku ya Shukrani. Bata mzinga anaokwa tangu alfajiri. Kuna viazi vitamu vilivyofunikwa peremende nyeupe laini, navyo huliwa pamoja na nyama, si baada yake. Kuna pai ya boga. Kabla ya kula, mmoja mmoja anasema anashukuru kwa nini, na zamu inapomfikia yaya anageuka mwekundu, kwa kuwa Waingereza hawajazoea kumwaga moyo mbele ya mchuzi.

Asili yake iko yapata kilomita 60 kusini mwa Boston, Plymouth. Mwaka 1620 Waingereza 102, baadhi yao wakikimbia kanisa la mfalme, walivuka bahari kwa meli iitwayo Mayflower. Karibu nusu walikufa katika mwaka wa kwanza. Waliobaki waliokolewa na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa hapo, hasa mtu aitwaye Tisquantum. Huyu alikuwa ametekwa na nahodha wa Kiingereza mwaka 1614, akauzwa Hispania, akafika London, akajua Kiingereza, akarudi kwao 1619 na kukuta kijiji chake chote kimefyekwa na maradhi. Mahali pa kijiji hicho ndipo wageni walipojenga Plymouth. Naye akawafundisha kupanda mahindi. Mavuno ya 1621 wakala pamoja siku tatu, Waingereza kama 50 na Wawampanoag 90, waliokuja na kulungu watano. Mwaka 1863 Lincoln aliifanya sikukuu ya taifa zima. Tangu 1970, wakati wengine wanakata bata, wenyeji wa asili hukutana kilimani hapo Plymouth kwa maombolezo.

Krismasi anajua ataiweza. Hajui kwamba watawala wa Massachusetts, Waingereza wenye dini kali, waliipiga marufuku kuanzia 1659 hadi 1681, wakaweka faini ya shilingi tano kwa atakayeacha kazi siku hiyo. Imekwisha sheria hiyo. Lakini tarehe 26 Desemba, ambayo kwao Leeds, kama ilivyo Nairobi na Dar es Salaam, ni sikukuu ya kulala na kula viporo, mama mwenye nyumba amevaa koti saa moja asubuhi na kuchukua funguo za gari. Anaelekea kazini, na watoto wawili wameshaamka.