Mtoto Mdogo na Michezo ya Nyumbani Bila Simu



Wapendwa waamini, siku hizi mtoto akilia, mkono wa mzazi hukimbilia simu. Mtoto hunyamaza, na mama hupata nafasi ya kumaliza kazi. Simlaumu mama huyo, hasa hapa kwetu Binza msimu wa kuvuna pamba, ambapo mikono haitoshi. Lakini mtoto wa miaka miwili hujifunza kusema kwa kujibiwa, na simu haimjibu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Wa miaka 3 na 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujongea na kucheza kila siku.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo (1965), unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Naye Nabii Zekaria, akieleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, anaonesha wazee wameketi na watoto wakicheza katika njia zilezile (Zek 8:4-5). Watoto hao hawakuachwa peke yao.

Tuanze na udongo. Mpe mtoto bonge la mfinyanzi lililolainishwa kwa maji, atengeneze ng'ombe. Huenda ng'ombe wa kwanza akakosa shingo, usimsahihishe. Muulize: huyu ni wa nani? Ana ndama? Analala wapi? Kwa kukujibu atatunga habari nzima, kisha atajenga zizi kwa vipande vya mabua ya mtama na kuhesabu mifugo yake. Atachafuka, naam, maji ya kunawa yapo.

Isolo, yaani bao letu Wasukuma, inamfaa pia mtoto wa miaka mitano, hata kabla hajazijua kanuni. Chimba vijishimo, naye adondoshe kete mojamoja, akisubiri zamu yake. Kusubiri zamu ni somo gumu hata kwa watu wazima. Kwa walio chini ya miaka mitatu tumia magunzi ya mahindi, kwa sababu kete huishia mdomoni na zinaweza kuwapalia.

Akina baba, msiseme michezo ni kazi ya mama. Shikome, ule moto wa jioni, ilikuwa darasa la wazee wetu wanaume. Vitendawili vitatu baada ya chakula, simu ikiwa mbali, vinatosha kwa kuanzia.

Mchana, watoto wachezee mahali ambapo mtu mzima anawaona, mbali na lambo na barabara.

Na kanisani je? Wapo wanaompa mtoto simu ili Misa ipite kwa utulivu. Afadhali mketi viti vya mbele, aone altare na mishumaa. Akilia sana, mtoe nje kidogo, kisha mrudi.