Je, Wajua? Soda za Minjila

Ukitoka Malindi kwenda Garsen, ukishapita Gongoni na Marereni, barabara hunyooka na macho hukosa kazi. Huku vichaka, huku vichaka, na mbele lami inameremeta kama dimbwi ambalo gari halilifikii kamwe. Hapo ndipo sisi watoto tulipoanza kufinyana kiti cha nyuma, na hapo ndipo mama alipobuni mchezo wake. Kila aliyemo garini aulize swali linaloanza na "Je, wajua?" Likijibiwa, aliyejibu apate alama. Lisipojibiwa, aipate muulizaji. Atakayesema uongo akatwe alama mbili. Tukifika Minjila, kwenye njia panda ya kwenda Lamu, mwenye alama chache anunue soda za gari zima.

Mjomba wangu amenunua soda nyingi sana Minjila.

Dada yangu alipewa ukarani, na daftari lake bado tunalo. Kurasa zake zimegandana kwa maji ya maembe, na mahali pengine hesabu ya alama imefutwa na mtu ambaye hadi leo hajakiri. Haya nimeyachota humo, bila mpangilio, kwa kuwa daftari lenyewe halina.

Swali la kwanza aliuliza baba: je, wajua gari lilivukaje mto pale Garsen kabla ya daraja? Kwa kamba. Kivuko kilikuwa jukwaa linaloelea, gari likipandishwa juu yake, na watu wakikivuta kwa mikono toka ukingo huu hadi ule. Abiria mwenye nguvu zake alitarajiwa kusaidia. Baba na mama walipita hapo wakienda Lamu siku chache baada ya harusi yao. Baba anasema alivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Mama anasema mumewe alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akiwachunga mamba wasimsogelee. Alama hiyo haikupata mwenyewe.

Mto wenyewe, Tana, ndio mrefu kuliko yote Kenya, takriban kilomita 1,000, na njia yake ni ya mtu aliyebadili nia katikati ya safari. Chimbuko lake ni Nyandarua na Mlima Kenya. Unashuka ukielekea kaskazini-mashariki utadhani unakwenda Somalia, kisha unaghairi, unageuka kusini kupitia Garissa, Hola na Garsen, ndipo unaingia Bahari ya Hindi huko Kipini. Kule juu umewekewa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo kongwe, la mwaka 1968. Maji yanayopita Garsen yana rangi ya chai ya maziwa, na yameshawasha taa za watu wengi kabla ya kufika.

Jambo hili la mbali kuamua mambo ya karibu tulifundishwa siku moja kijijini Ngao. Tulikuwa tumealikwa na rafiki ya mama, jua kali, mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kudanganyia. Tukatandika mkeka chini ya mwembe karibu na mto. Mzee wa nyumba akaja polepole, akasema, "Wanangu, hamisheni mkeka. Maji yako njiani."

Mjomba akatazama juu. "Yako wapi, mzee?"

"Yameshapita Garissa."

Alisema kana kwamba maji yamekata tiketi, yamepanda basi na kupiga simu kutoka stendi. Mjomba akacheka. Asubuhi yake mahali pa mkeka palikuwa na samaki. Ndivyo mafuriko ya Tana yalivyo: mvua hunyesha milimani, mabwawa hujaa na kumwaga, na siku kadhaa baadaye watu wa chini huhama wakiwa wamejifunika kanga kwa ajili ya jua. Soda za safari hiyo alinunua nani, sina haja ya kusema.

Na usidhani mto huu unaheshimu ramani. Umehamahama bondeni mara nyingi, ukaacha nyuma maziwa yenye umbo la mundu, kama Shakababo na Bilisa. Je, wajua kuwa hata mlango wake wa baharini ni wa kuhamia? Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mwembamba, Belezoni, ili mitumbwi itoke Tana iingie mto Ozi bila kuzunguka baharini. Mfereji wa mitumbwi, basi. Mto ukauona, ukaupanua, ukahamia humo wenyewe, na mpaka leo maji ya Tana yanatokea Kipini kwa mlango wa Ozi. Mama hupenda kuutaja mfereji huo kila anapoombwa na mgeni "pembe ndogo tu" ya kulala.

Majina ya njiani ndiyo yaliyonipa alama zangu nyingi. Neno "laga", ambalo Wakenya tunalitumia kwa kila korongo linalokauka kiangazi na kumeza lori wakati wa mvua, ni la Kioromo. Lugha ya Waorma, wafugaji wa nyanda hizi, ni ya jamii hiyo hiyo. "Malka" nayo ni njia ya mifugo kushukia mtoni, ikipita kati ya mashamba ya Wapokomo waliotandaa kingo zote mbili. Ukisikia habari za ugomvi wa Tana Delta, mara nyingi chini yake kuna malka iliyozibwa au shamba lililokanyagwa. Ila kwetu sisi wasafiri malka ilimaanisha kuzima injini na kungoja ng'ombe wavuke. Mdogo wangu aliwahi kuhesabu hadi 212, akalala na kuota anaendelea. Ng'ombe hao wa Waorma, wa asili ya Borana, wana sifa iliyowavutia hata wanasayansi: wanastahimili kuliko wengine ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Mwaka mmoja tulisafiri na rafiki yangu wa Nairobi, mtu wa nidhamu, aliyelelewa na baba askari. Jioni tulikuwa barazani kwa wenyeji wetu, na nyanya mmoja alikuwa akimbembeleza mjukuu, akivuma bila maneno. Rafiki yangu aliweka kikombe chini. Akasimama. Mikono ikanyooka pembeni, kidevu juu. Nyanya akaendelea kuvuma, mtoto akafumba macho, na Mnairobi wangu akaganda pale kama mlingoti mpaka wimbo ukaisha.

Hakukosea. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, iliundwa tume ndogo ya kutafuta wimbo wa taifa. Walikuwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume na Washington Omondi. Badala ya kuagiza gwaride la Kizungu wakaenda kusikiliza nyimbo za wenyeji, na lahani waliyoichagua ilikuwa bembelezo la Kipokomo waliloimbiwa na Mzee Meza Moroa Galana. Lahani hiyo ndiyo Wakenya wote hupigia saluti. Nyanya alipoelezwa kwa nini mgeni alisimama, alisema kwao wimbo huo ni wa kulaza, na kwamba kama serikali imewasimamisha watu nao, ndiyo maana hawapati usingizi. Dada akamwandikia alama tatu ingawa hakuwa mchezaji.

Alama moja tu iliandikwa bila kicheko ukurasa ule, na aliipata mwenyeji wetu. Je, mnajua ngadzi iko wapi? Hatukujua hata ni nini. Ni ngoma kuu ya Wapokomo, ya wazee, isiyopigwa ovyo wala kuonwa na kila mtu. Wakoloni Waingereza waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na imo London, katika jumba la makumbusho la British Museum. Bembelezo la mto huu linapigwa na bendi kila sherehe ya taifa, na ngoma yake imefungiwa ghala la ng'ambo. Mjomba aliuliza nauli ya London ni kiasi gani, na mara hiyo hakuwa akitania.

Hola nako hatukucheza. Mama alizima redio, akatuambia kuwa tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya kizuizini ya hapo walipigwa na askari wa gereza mpaka wakafa. Tukaendelea hadi nje ya mji tukiwa kimya.

Kaskazini ya Garsen kuna msitu wa mtoni uliotengwa kuwa hifadhi mwaka 1976 kwa ajili ya wakazi wawili: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana mwenye kishungi. Duniani kote hawapatikani kwingine ila katika vipande vya msitu kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi za mto huu. Tulikwenda na rafiki mwenye kamera iliyogharimu kama ng'ombe wawili. Alijilaza kwenye majani saa nzima akimpiga picha mnyama mmoja adimu, akinong'ona, karibu alie. Askari wa wanyama alipokuja kuangalia, alimwambia kwa upole kuwa huyo ni nyani, na kwamba ameshakula ndizi zetu zote. Mbega tulimwona baadaye, sekunde nne, mgongo tu. Picha haipo.

Sasa suala la simba, ambalo limegawa ukoo.

Mjomba aliuliza: je, wajua kuwa kuna simba alinunuliwa dukani London akaja kuishi Tana River? Gari zima likapiga kelele. Mama, mwamuzi, akamkata alama mbili kwa uongo wa mchana, na Minjila akanunua soda nane. Lakini ni kweli tupu. Mwaka 1969 vijana wawili Waaustralia, John Rendall na Anthony Bourke, walimnunua mwanasimba katika duka la Harrods, wakamwita Christian. Alipokua mkubwa mno kwa chumba cha mjini, alipelekwa Kora, upande wa juu wa kaunti hii ya Tana River, kwa George Adamson, aliyekuwa akiwafundisha simba waliofugwa kuishi porini. Adamson aliishi kambini kwake Kora hadi alipouawa na majambazi Agosti 1989, na kaburi lake liko huko huko.

Mjomba alirudi na ushahidi baada ya wiki. Mama akasoma yote, akakunja karatasi, akasema kanuni za mchezo haziruhusu rufaa baada ya soda kunywewa.

Kwa nini hatukujua, nami namtetea mama kidogo: kaunti hii ni kubwa kuliko nchi ya Rwanda, na sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 315,943 tu. Kutoka Garsen hadi Kora ni safari ya kubeba godoro. Mtu aweza kuujua mto maisha yake yote huku chini asikutane na habari za kule juu isipokuwa zile zinazokuja zikielea.

Mwisho wa njia ni Kipini. Delta yote hii, hekta 163,600, iliandikwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na ukisimama ufukweni hapo jioni, ndege wakirudi kulala, huhitaji kuonyeshwa cheti. Wenyeji watakuambia pia kuwa Fumo Liyongo, shujaa na mshairi, alikuwa wa pande hizi za Ozi. Lakini ajabu ninayoipenda ni ya wakulima wa mpunga. Bahari inapojaa husukuma maji ya mto yarudi nyuma. Maji matamu ni mepesi, hukaa juu, yakapanda na kuingia mashambani. Bahari inamwagilia mpunga kwa maji ambayo si yake. Siku hizi, mto ukipungua nguvu, chumvi nayo hupanda, na mashamba ya Ozi yameanza kuionja.

Safari ya mwisho tulimpeleka mwanangu, miaka sita. Akainama, akachota kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena.

"Je, wajua," akauliza, "hapa ni mtoni au baharini?"

Baba akasema mtoni. Mama akasema baharini. Mjomba hakujibu, maji yalikuwa yanajaa, naye alikuwa akikimbizana na kiatu chake cha kushoto kilichokuwa kinaelea taratibu kurudi upande wa Garsen. Dada akafungua daftari, akatuandikia sote sifuri.

Soda tulinunuliwa na mtoto, kwa pesa zangu.