Hesabu za Kompyuta katika Elimu ya Ardhi na Bahari



Vijana wetu walioko vyuoni hurudi nyumbani wakati wa likizo na kutuambia kuwa siku hizi wafundishwa habari za ardhi, bahari na mvua kwa kompyuta. Wazee wengine huuliza: mashine yaijuaje bahari, nayo haijapata kulowa? Swali hili ni la haki, na jibu lake si gumu. Kompyuta haiijui bahari. Ijualo ni hesabu, tena hesabu ndogo ndogo ambazo mtu aliyesoma aweza kuzifanya kwa kalamu. Faida yake ni kuwa kazi ambayo ingemchosha karani mwaka mzima, yenyewe huimaliza kwa muda mfupi. Ili jambo hili lieleweke, na tutwae mfano mmoja unaotuhusu sisi watu wa visiwani.

Tarehe 26 Desemba 2004, ilipokaribia saa kumi alfajiri kwa saa za kwetu, ilitokea zilizala kubwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, katika nchi ya Indonesia. Sakafu ya bahari iliinuka, ikayasukuma maji yaliyo juu yake, na mawimbi yakaanza safari kwenda kila upande. Katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi walikufa watu zaidi ya 200,000. Somalia walikufa karibu 300, na hapa Tanzania zaidi ya kumi.

Kutoka huko hadi Pemba ni kama kilomita 6,300. Je, wimbi huchukua muda gani kufika?

Mwendo wa wimbi la namna hii hufuata kina cha maji. Twaa kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, ambayo ni hesabu ya mvuto wa dunia, kisha utafute kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe wapata jumla ile. Jibu ni mita ambazo wimbi hupita kila sekunde. Tuseme kina ni mita 4,000. Mara 9.8 ni 39,200, na kipeuo chake ni kama 198. Mita 198 kwa sekunde ni kilomita 713 kwa saa, mwendo wa ndege. Gawa 6,300 kwa 713, utapata muda wa karibu saa 9.

Lakini bahari si sakafu iliyosawazishwa kwa kuanikia karafuu. Ina mabonde, milima na miamba. Hata hapa kwetu, mkondo ulio kati ya Pemba na bara una mahali penye kina cha mita 800 hivi, na humo wimbi lingekwenda kilomita 319 kwa saa. Mkondo wa Unguja ni wa maji haba. Penye mita 40, wimbi lilo hilo lingekwenda kilomita 71 tu kwa saa. Kwa hiyo mwenye kutaka jibu la kweli hana budi kufanya hesabu ile kwa kila kipande cha njia.

Hapo ndipo programu za hesabu zinapofaa. Bahari yote hugawanywa viraba vidogo vidogo, mfano wa mashimo ya bao, na kila kimoja huandikiwa kina chake. Kisha programu hupita kiraba kwa kiraba, ikihesabu maji yanayotoka hapa na kuingia pale, kama mchezaji anavyosambaza kete. Ikimaliza mzunguko mmoja huanza wa pili, na wa tatu, mara maelfu, hata wimbi lifike pwani.

Mojawapo ya programu hizo ni MATLAB. Ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Profesa Cleve Moler wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, ili wanafunzi wake waweze kutumia majedwali makubwa ya namba bila ya kwanza kuwa mafundi wa kompyuta. Tangu mwaka 1984 huuzwa na kampuni. Ipo nyingine iitwayo Octave, ambayo amri zake zafanana sana na zile za MATLAB, nayo hutolewa bure. Kadhalika lugha ya Python hutolewa bure. Kwa hiyo shule yenye kompyuta chache na fedha kidogo haina sababu ya kubaki nyuma.

Mwalimu mwema haanzi na mashine. Kwanza wanafunzi hufanya hesabu ya wimbi kwa kalamu, kama tulivyofanya sisi. Pili, huandika hesabu hiyo hiyo katika kompyuta, wakatazama kama majibu yalingana. Tatu, huweka kina cha kila mahali. Mwisho, hulinganisha jibu na vipimo vya kupwa na kujaa vilivyoandikwa bandarini siku ile. Katika pwani ya Kenya na Tanzania mawimbi ya kwanza yalifika baada ya muda wa saa 9 hadi 10. Tofauti iliyopo kati ya jibu la kalamu na kipimo cha bandari ndiyo somo lenyewe, maana humlazimu mwanafunzi kuuliza ni wapi wimbi lilipopunguza mwendo, na kwa nini.

Yafaa pia tujue hatari yake. Kompyuta haioni haya. Ukiipa namba mbovu, itakupa jibu bovu kwa uso ule ule mkavu. Tuseme mtu ana ramani ya zamani ya mabaharia, ambayo kina chake kimeandikwa kwa pima. Mita 4,000 ni kama pima 2,187. Akiiingiza 2,187 akidhani ni mita, kompyuta itamwambia kuwa wimbi litafika baada ya muda wa saa 12. Watu wataambiwa wana saa 3 zaidi ya zile walizonazo, nao watakuwa ufukweni maji yanapofika. Mvuvi yeyote angemsahihisha, lakini mashine haiwezi.

Saa hizo si jambo dogo. Mwaka 2004 Bahari ya Hindi haikuwa na utaratibu wa kuonyana juu ya mawimbi haya, na watu walikufa katika pwani zilizokuwa na muda wa saa nyingi za kujiokoa. Nchini Kenya habari ziliwahi, watu wakaondolewa ufukweni, na aliyekufa alikuwa mmoja tu. Tangu mwaka 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutoa ilani kwa nchi zote za bahari hii, kwa kutumia hesabu za namna hii tuliyoieleza. Kwetu, ilani kama hizo hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Basi, ndugu wanachama, mambo mawili yatupasa. Kwanza, mtoto anayependa hisabati asikatishwe tamaa kwa kuambiwa kuwa haina kazi shambani wala baharini. Pili, mwenye kipimo cha mvua shambani aandike kila siku, kwa tarehe na kwa milimita, hata siku isiyonyesha aandike sufuri, na pembeni aandike pishi alizovuna. Programu hizi hizi huweza kulinganisha mvua na mavuno ya miaka mingi kwa dakika chache. Lakini mwaka ambao haukuandikwa, hakuna mashine iwezayo kuurudisha.