Viungo vya Cajun: hesabu inaanzia kwenye chumvi

Vijiko vikubwa 12, gramu 100. Hicho ndicho kipimo cha kupigia hesabu ule unga mwekundu wa Louisiana, kusini mwa Marekani, unaopakwa samaki, kuku na kamba kabla hawajaingia jikoni. Paprika vijiko 3, chumvi 2, kitunguu saumu cha unga 2, halafu kijiko kimoja kimoja cha kitunguu maji cha unga, pilipili manga, pilipili kali nyekundu, oregano na thaimu. Mpishi wa Lafayette, hukohuko Louisiana, atataka kuongeza hiki na kupunguza kile, na ana haki yake. Hesabu haitavurugika sana.

Sasa weka mizani. Kijiko kikubwa cha chumvi laini kina gramu 18. Cha paprika hakifiki 7, cha majani makavu ya thaimu hakifiki hata 3. Kwa hiyo chumvi, ambayo kwa vijiko ni 2 kati ya 12, yaani chini ya asilimia 17, kwenye mizani inakuwa gramu 36 kati ya 100. Paprika gramu 20, kitunguu saumu 19, kitunguu maji 7, pilipili manga 7, pilipili kali 5, oregano 3, thaimu 3. Anayepima kwa kijiko anadhani ametia chumvi kiasi, kumbe zaidi ya theluthi moja ya alichotengeneza ni chumvi. Na huo ni mchanganyiko wa nyumbani, wa mtu mwenye huruma na figo zake.

Makopo ya dukani yamekwenda mbali zaidi. Sheria ya Marekani inataka viambato viorodheshwe kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia. Geuza kopo la Tony Chachere's linalotoka Opelousas, au la Slap Ya Mama la Ville Platte, mji ulio jirani. Neno la kwanza kwenye orodha ni chumvi. Ni kiasi gani, lebo haisemi moja kwa moja, ila inakupa njia ya kukijua. Chukua miligramu za sodiamu katika kipimo kimoja, zidisha kwa 2.5, umepata miligramu za chumvi, kisha gawanya kwa uzito wa kipimo chenyewe. Mfano: kipimo cha gramu 1 chenye sodiamu miligramu 300 kina chumvi miligramu 750. Robo tatu ya kopo la namna hiyo ni chumvi, na robo iliyobaki ndiyo viungo.

Aliyezoea kununua bizari ya pilau sokoni, isiyotiwa hata punje ya chumvi, ataona ajabu. Lakini tukitaka kujibu swali la kila siku, kwamba je, kujitengenezea ni nafuu, hapo ndipo pa kuanzia. Ukilinganisha gramu za mchanganyiko kwa gramu za mchanganyiko unalinganisha chumvi na chumvi. Linganisha gramu za viungo.

Bei zinazofuata ni za mfano, za namba nzima au nusu, zisizo mbali na zile za rafu za Marekani. Mwenye risiti zake abadilishe tarakimu. Njia ni ileile. Tuseme kopo la gramu 227 linauzwa dola 3.50. Kila gramu 100 zinakuja dola 1.54, bei ambayo hakuna mpishi wa nyumbani atakayeishinda kwa chupa ndogondogo za duka kubwa. Kila chupa tuiweke dola 4: paprika gramu 60, kitunguu saumu 90, kitunguu maji 75, pilipili manga na pilipili kali 50 kila moja, oregano na thaimu 20 kila moja. Boksi la chumvi la gramu 737 liwe dola 1.50. Gramu 100 za mchanganyiko wetu zitakula paprika ya dola 1.33, kitunguu saumu cha senti 84, thaimu na oregano senti 60 kila moja, pilipili manga senti 56, pilipili kali senti 40, kitunguu maji senti 37, na chumvi ya senti 7 tu. Jumla dola 4.77, mara tatu ya kopo! Wengi hufikia hapa na kufunga daftari.

Wasifunge. Kama kopo lile lina chumvi robo tatu, ndani yake mna gramu 170 za chumvi, ambazo dukani hazizidi senti 35, na gramu 57 za viungo. Kwa dola 3.50, gramu 100 za viungo halisi zimekugharimu dola 6.14. Mchanganyiko wa nyumbani una gramu 64 za viungo kwa dola 4.70, sawa na dola 7.34 kwa gramu 100. Ile tofauti ya mara tatu imeshuka mpaka dola 1.20.

Ukitoka kwenye chupa ukaenda kwenye mifuko, mambo yanageuka kabisa. Viungo hivi vikinunuliwa kwa mfuko wa ratili moja, yaani gramu 454, kwenye maduka ya jumla, kukadiria dola 15 kwa kilo si kujidanganya. Hapo gramu 100 za mchanganyiko zinashuka mpaka dola 1 hivi, na gramu 100 za viungo vyake ni dola 1.50. Kumbuka kopo lilikuwa 6.14. Kinachouzwa ghali katika chupa ile ndogo ni kioo, kifuniko, lebo na nafasi ya kwenye rafu, na vyote hivyo havibadiliki sana hata chupa ikijaa mara mbili.

Lakini mifuko ina mtego wake, nao uko kwenye majani. Chukua nyumba inayopika kwa viungo hivi mara nne kwa wiki, vijiko 2 vya chai kila mara, tuseme gramu 6. Kwa mwaka ni kilo 1 na robo. Paprika itakayotumika ni gramu 250, hivyo mfuko wa gramu 454 utaisha kabla ya miaka miwili. Kitunguu saumu vilevile. Pilipili manga na kitunguu maji, miaka mitano na ushei. Pilipili kali, miaka saba. Thaimu na oregano, kila mfuko miaka 12! Viungo vilivyosagwa na majani makavu havina sumu vikikaa, ila baada ya miaka miwili mitatu harufu inakuwa imeondoka na umebaki na vumbi la rangi. Paprika hata rangi inaikimbia: ule wekundu hufifia ukipigwa na mwanga, na unga huo ukae karibu na jiko uone unavyogeuka kahawia. Kununua thaimu ya dola 6.80 na kutupa zaidi ya dola 5 si kubana matumizi.

Kwa hiyo mnunuzi mjanja ananunua mifuko miwili tu, paprika na kitunguu saumu, kwa dola 13.60 hivi, na vingine anaviacha kwenye chupa. Gramu 100 za mchanganyiko zinashuka kutoka dola 4.77 hadi 3.19, na gramu 100 za viungo zinakuwa dola 4.87. Tayari amelishinda kopo. Akipata wenzake watatu wa kuchanga naye mifuko yote saba, kila nyumba itatoa dola 12, pilipili kali itaisha kabla ya miaka miwili na majani yataisha kwa miaka mitatu. Wanne ndio idadi ambayo hesabu ya jumla inaanza kukaa sawa. Mtu mmoja na mifuko saba ni hasara yenye harufu nzuri.

Au fanya kama viwanda vinavyofanya, uyaache majani kabisa. Slap Ya Mama ni chumvi, pilipili nyekundu, pilipili manga na kitunguu saumu, basi. Katika hesabu yetu ya chupa ndogo, oregano na thaimu ni asilimia 6 ya uzito lakini robo ya gharama. Mimi ningebakisha thaimu nikaacha oregano, maana kwenye samaki wa kukaangwa kwa moto mkali thaimu inajitambulisha, oregano inaungua tu.

Kwa nini basi kopo likatawala? Waakadia, ambao ndio chanzo cha jina Cajun, wakulima na wavuvi wenye asili ya Ufaransa waliofukuzwa na Waingereza kutoka Nova Scotia kuanzia 1755, na baadhi yao wakaweka makazi Louisiana, hawakuja na kopo lolote. Biashara yake ni ya juzi. Tony Chachere alianzisha kampuni yake mwaka 1972, akiwa ameshastaafu. Paul Prudhomme, mzaliwa wa upande huohuo wa Opelousas, alifungua mgahawa wa K-Paul's mjini New Orleans mwaka 1979, na samaki wake mwekundu aliyepakwa siagi na viungo akachomwa kwenye chuma cha moto mpaka akawa mweusi aliigwa Marekani nzima, hadi serikali ikalazimika kuzuia uvuvi wa kibiashara wa samaki huyo kwenye maji ya shirikisho ya Ghuba ya Meksiko. Wapishi wa Ohio na Oregon walitaka ladha ile bila kujua vipimo. Wakauziwa unga. Thamani ya jina ilionekana mwaka 2003, kampuni ya McCormick ilipoinunua Zatarain's, iliyoanzishwa New Orleans mwaka 1889, kwa dola milioni 180. Kwa bei zetu za mfano, fedha hizo zingenunua tani 12,000 za viungo vya jumla.

Wapo wanaosema afadhali kukausha na kusaga mwenyewe tangu mwanzo. Tuipitie haraka. Kitunguu maji kibichi ni maji kwa asilimia 89, kwa hiyo gramu 7 za unga zinataka gramu 60 za kitunguu kilichomenywa. Kitunguu saumu kina maji asilimia 59 tu, gramu 19 zinatoka kwenye gramu 43. Malighafi ni rahisi, tatizo ni moto. Tanuri linalokula wastani wa kilowati 1 kwa saa 10 limemaliza uniti 10 za umeme, na kwa senti 12 kila uniti ni dola 1.20 za kukausha vitu vya senti chache. Ukijaza tanuri zima kwa mara moja gharama inagawanyika vizuri. Ukikausha kisahani kimoja, umeme unapita bei ya unga uleule ukinunuliwa kwenye chupa.

Faida kubwa ya kujitengenezea naiona kwenye chumvi kuliko kwenye dola. Kijiko cha chai cha mchanganyiko wetu, karibu gramu 3, kina chumvi gramu 1 na sodiamu miligramu 400 hivi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidi miligramu 2,000 kwa siku. Kijiko kilekile cha kopo lenye chumvi robo tatu kina zaidi ya mara mbili ya hizo 400, na kuku akiwa hajakolea viungo huwezi kuongeza kijiko cha pili bila kuharibu sufuria. Changanya bila chumvi, gramu 64 kavu, uweke chumvi pembeni uitie kwa mkono. Kwa kilo ya nyama anza na gramu 10 za chumvi na gramu 15 za viungo, kisha songa unakotaka kwa kila kimoja peke yake.

Na ukubwa ukizidi, hesabu inarudi ilikotoka. Louisiana hupika kamba wa maji baridi wenye magando, spishi ileile iliyopandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, mwaka 1970, gunia zima kwa mara moja: kilo 16 kwenye sufuria moja nje ya nyumba, watu wanane hadi kumi na mmoja. Maji hutiwa mchanganyiko unaoweza kufika kilo 2. Ukitumia kipimo chetu cha vijiko 12 utalipa dola 20 hata kwa bei ya jumla. Ukiiga kopo, chumvi kilo 1.5 kwa dola 3 na viungo nusu kilo kwa dola 7.50, unamaliza kwa 10.50. Hapa kiwanda kina haki, kwa sababu sehemu kubwa ya unga huo haitaliwa: ganda ni nene, na maji yatamwagwa. Nyama inayotoka kwenye gunia ni kama asilimia 15, yaani kilo 2.4. Kila kilo ya nyama imebeba viungo vya dola 4.40 hivi, na mpishi mwenye uzoefu huzima moto mapema akawaacha kamba humohumo walowe dakika 20 au 30, ladha iingie kabla hajaongeza mfuko mwingine.