Nyama na Maziwa Motoni Kimuka

Watu wa Pwani tuna mkate wa kima, nao hauhitaji sifa zangu. Lakini siku hizi kuna ndugu yake aliyetoka ng'ambo: nyama ya kusaga hukandwa, hujazwa jibini katikati, ikaviringishwa na kuchomwa juu ya makaa. Huyu nilimkuta Kimuka, nyuma ya Vilima vya Ngong, katika Kajiado, kwenye karamu ya vijana.

Utengenezaji wake si mgumu. Kwa kilo moja ya kima, tia yai moja, kikombe cha chenga za mkate zilizoloweshwa, kitunguu maji kilichokunwa, saumu, tangawizi, pilipili manga, kotmiri na chumvi. Yai na chenga ndizo zishikazo. Bila hizo mkate humeguka. Tandaza nyama juu ya karatasi ya foili iliyopakwa mafuta, panga vipande vya jibini ngumu katikati, uache vidole viwili kila upande. Viringisha, kisha ziba ncha barabara, kwani jibini ikipata upenyo hukimbilia motoni.

Makaa yasukume upande mmoja, mkate uweke upande wa pili, ufunike. Ukiuweka juu ya makaa yenyewe, nje utaungua na ndani utabaki mbichi. Hapo pana hatari, msomaji. Katika ubavu wa mbuzi vijidudu hukaa zaidi juu, na moto huwawahi. Nyama ikisagwa, huchanganyika mpaka ndani. Basi ngoja kama saa nzima, hata maji yatokayo yasiwe na wekundu, na katikati pafike joto la nyuzi 71. Ukiuepua, uache dakika kumi kabla ya kukata.

Mkate ulipokatwa, jibini ikachuruzika, vijana wakashangilia. Mzee mwenyeji akapelekewa kipande cha kwanza. Akauliza kilichomo. Alipoambiwa ni jibini, akauliza tena jibini ni nini. "Ni maziwa, babu, yaliyogandishwa." Mzee akairudisha sahani taratibu, akasema, "Maziwa na nyama? Hapana. Ng'ombe wataumia." Vijana wawili wakacheka.

Kicheko hicho hakikunipendeza, kwa maana neno la mzee lina mizizi. Kwa mila ya Wamaasai wa zamani, maziwa na nyama havikutiwa katika tumbo moja wakati mmoja. Joseph Thomson, aliyepita Ngong mwaka 1883 na wapagazi wa Pwani, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba morani walikula maziwa siku kadhaa, kisha wakanywa dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kuhamia nyama. Nyama ililiwa porini, katika olpul. Maziwa yalikaa nyumbani ndani ya vibuyu vilivyofukizwa kwa kaa la oloirien. Maziwa hutoka kwa ng'ombe aliye hai, na nyama kwa aliyekufa. Mfugaji hakutaka kuvikutanisha.

Nasi wa Pwani tuna masharti yetu. Mimi mwenyewe niliuliza ni nani aliyechinja, na jibini hiyo iligandishwa kwa nini, kwani iko igandishwayo kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Hakuna aliyenicheka. Kwa nini basi acheke mzee katika boma lake mwenyewe?

Dawa ni nyepesi: pika mikate miwili, mmoja wenye jibini na mmoja mtupu, ukatie kwa visu viwili. Gharama yake ni makaa kidogo tu.

Nyama na maziwa yake, mzee hakuchanganya,
Anazo sababu zake, haifai kumkanya,
Mpishi na moto wake, asikae kuwasonya,
Kila mlaji na chake, heshima hutukusanya.