Uchumi au Biashara: Shahada Ipi?

Mkulima wa Rombo, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, humwagilia nyanya kwa maji yatokayo Kilimanjaro. Bei ikianguka, mwanauchumi huuliza kwa nini imeanguka na maji yagawanywe vipi. Msomi wa biashara hukagua gharama, mkopo na faida ya shamba lenyewe. Hiyo ndiyo tofauti ya shahada hizi mbili: anayependa hisabati na takwimu achague uchumi, anayevutiwa na uhasibu au usimamizi achague biashara. Wapo wasemao biashara ndiyo yenye ajira, kwa kuwa humsogeza mtu karibu na CPA, sifa ya kitaaluma ya uhasibu itolewayo na bodi ya mitihani ya KASNEB. Ni kweli, lakini mwanauchumi naye hazuiwi kuifanya mitihani hiyo, na tangu ugatuzi uanze 2013, kaunti nazo zinahitaji wapangaji wa maendeleo. Basi kabla ya kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, soma orodha ya masomo ya kila mwaka, si jina la shahada tu.